Mtungi wa Bok-sim

Kabichi zilikuwa zimelala kwenye maji ya chumvi tangu jana. Asubuhi hiyo ya Jumapili wanawake wote wa nyumba ya Mama Gwang-ho walikuwa uani, wamekunja mikono ya sweta, wamechuchumaa kulizunguka beseni la pilipili. Baridi ya Novemba ilikwisha shuka. Kwenye vilima vile vya Seoul, vya vyumba vya kupanga na moshi wa makaa, mtu aliweza kununiana na jirani mwaka mzima, lakini siku ya kutengeneza kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa ya kula majira yote ya baridi, hakosi mtu. Kila nyumba ina mtungi wake, na mtungi ukishajazwa hufukiwa ardhini ukabaki mdomo tu.

Bok-sim alichanganya pilipili na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomweka chini ya dari ile. Mwaka uliopita mumewe Pan-su alipohangaika kutafuta chumba, kila alipofungua kinywa chumba kilikuwa kimeshapata mtu. Kwenye mlango mmoja kilipata mtu palepale, na ufunguo ungali unaning'inia mkononi mwa mwenye nyumba. Kosa lake lilikuwa lafudhi. Walitoka Jeolla, kusini, na Seoul nzima ilijua, kwa ujuzi ule wa watu ambao hawajafika mahali, kwamba watu wa Jeolla ni waongo, watakuchekea usoni na kukuchimba kwa nyuma.

Basi Pan-su akakaa na redio mpaka akaokota Kiseoul cha kuombea chumba, na kwa Mama Gwang-ho akasema wao ni wa Chungcheong, mkoa wa katikati. Alichagua vizuri. Watu wa Chungcheong wanasifika kwa kusema polepole, kwa hiyo hata ukichelewa kulipata neno hakuna anayekushangaa. Ili wasiitwe waongo, wakasema uongo. Bok-sim akakatazwa kuisema lugha ya kwao hata chumbani, hata kwa mtoto wao Yeon-sil, maana kuta za karatasi zina masikio. Mtoto sasa alikuwa anaongea kama mtangazaji wa habari, na mama yake akimbembeleza alijisikia kama yaya wa kuajiriwa.

Kichekesho ni kwamba Mama Gwang-ho mwenyewe hakuwa wa Seoul. Alishuka kutoka Hamheung, kaskazini kabisa, wakati wa vita. Kiseoul chake kilikuwa kimepigwa pasi, ila akimkemea mbwa wake kaskazini yote ilimtoka kinywani. Kila mpangaji alijua, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Bok-sim akaonja rojo ya pilipili beseni mle. Uduvi kidogo wa chumvi, basi. Ni maji ya kuoshea figili, aliwaza. Chumbani kwake, nyuma ya magodoro, kulikuwa na kopo la dagaa waliovundikwa kwa chumvi tangu mwaka juzi. Mama yake alilituma kwa basi, limefungwa vitambaa kama mtoto mchanga. Majira ya baridi yaliyopita alikula hii ya Seoul mpaka masika akijiambia ni sawa. Haikuwa sawa.

Akainuka, akalileta kopo, akalifungua mbele ya wote, akamimina kwenye fungu lake. Alijua harufu ile itafika wapi. Asije mtu akausingizia mkono kwamba uliteleza.

Wa kwanza kuinua pua alikuwa Mama Deok-ja wa chumba cha kona, mzawa halisi wa Seoul, asiyepitwa na jambo. Alichana jani moja la kabichi ya Bok-sim, akala. Akachana la pili.

"Mama Yeon-sil," alisema mdomo umejaa, "hii mbona ya kusini? Hii ni Jeolla kabisa hii."

"Hebu," alisema Mama Gwang-ho. Akaonja. Akalitazama kopo, kisha akamtazama Bok-sim. "Chungcheong hawatii dagaa namna hii."

Pan-su alikuwa anaipanga mitungi kando ya ukuta. Akaja mbio, tabasamu limetangulia. "Tulipewa zawadi, mama. Kuna jirani wetu wa zamani, yeye ndiye..."

"Muongo huyo," alisema Bok-sim.

Akasimama. Alipofungua kinywa tena Kiseoul kilikuwa kimekwisha, na sauti ya kwao ilitoka ikipanda na kushuka, ikivuta mwisho wa kila neno kama mtu asiye na haraka ya kufika.

"Dagaa hawa wa mamangu. Kawavundika kwa mikono yake, kwetu Beolgyo, na Beolgyo i Jeolla, na miye n'mezaliwa huko. Mwaka mzima nawasemea Kiseoul mpaka taya zaniuma. N'shachoka. Mwasema watu wa Jeolla waongo. Uongo wangu n'lifundishwa na milango yenu."

Mama Deok-ja alisahau kutafuna. Pan-su aliyafumba macho kama anayengoja kofi.

"Mwisho wa mwezi mniachie chumba changu," alisema Mama Gwang-ho. "Sina neno na mlikotoka. Mmenidanganya."

"Tungesema kweli, ungetupa?"

Mama Gwang-ho akaanza kujifuta pilipili mikononi, kidole baada ya kidole.

"Na weye ulipokuja na furushi lako kutoka Hamheung," alisema Bok-sim, "aliyekufungulia mlango alikuuliza watoka wapi? Au alikwambia ingia, kuna baridi?"

Mama Gwang-ho aliingia ndani akaufunga mlango. Wanawake wakainamia kabichi kama wanafunzi siku ya mtihani.

"Bok-sim," alinong'ona Pan-su, bado kwa Kiseoul, "umetumaliza. Tutaingia wapi na mtoto, baridi hii?"

Bok-sim aliogopa, tusidanganyane. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kipya, kitamu, na hakuwa tayari kukitema. Akazipanga kabichi zake mtungini, moja moja, akazishindilia, akaweka jiwe juu. Kisha akaenda ukutani akachukua jembe. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa.

Akaanza kuchimba katikati ya ua.

Pale uani kila mtu alielewa. Anayehama hafukii mtungi. Ardhi ikishaganda mtungi hautoki mpaka masika, na palipo na mtungi wa mtu ndipo anapolala.

"Tumefukuzwa," alisema Pan-su.

"N'mesikia." Jembe likapiga. "Mwenye kutaka nihame, na aufukue yeye."

Udongo wa juu ulikuwa umeanza kuwa mgumu, na jembe lilirudi na vipande vidogo tu. Yeon-sil alitoka chumbani, akamuuliza mama yake anafanya nini. Bok-sim akamjibu kwa lugha ya Beolgyo kwamba anachimba nyumba ya kimchi. Mtoto akamkodolea macho, kisha akacheka, akalirudia lile neno la kimchi vilevile, na mkia wake wote.

Pan-su alimsikia. Akaja akalishika jembe.

"Sogea, mke wangu," alisema, kwa sauti ambayo Bok-sim hakuisikia tangu wapande basi kuja Seoul. "Weye wakwaruza tu. Shimo lataka kina."

Akachimba kwa hasira, kama vile kila mlango uliofungwa usoni pake ulikuwa mle ardhini. Shimo lilikuwa limefika magotini dirisha la Mama Gwang-ho lilipofunguliwa. Bok-sim alijua atakachosikia, akakaza miguu.

"Si hapo," alisema Mama Gwang-ho. Ilikuwa sauti ile ya mbwa, kaskazini tupu, na safari hii hakuisahihisha. "Hapo lapita bomba, mtanipasulia. Chimbeni huku, kando ya mtungi wangu."

Akaminya midomo. "Na kopo hilo mlilete hapa nilione," alisema, akafunga dirisha.

Bok-sim alisema ahsante kwa lugha ya kwao, kwa sauti kubwa, hata wa kilima cha chini wakasikia.