Mahali pa Ua la Hawo

Asubuhi ile Gollo alihesabu majani akapata tisa. Jana yalikuwa kumi na moja. Siku mkewe Hawo alipoondoka kwenda hospitali yalikuwa thelathini na mawili, na Gollo alikuwa na hakika, kwa sababu siku hiyo hiyo aliyahesabu moja moja, kama alivyokuwa akihesabu ng'ombe wake wakiingia zizini. Siku hizi hakuwa na kingine cha kuhesabu.

Halikuwa ua la kutoa maua. Lilikuwa majani tu, lakini majani gani hayo! Jani moja lilikuwa na manjano, nyekundu na kijani, na juu yake madoadoa, kana kwamba aliyelipaka rangi alishindwa kuamua. Hawo alilinunua sokoni Garsen mwaka ule ukame ulipowamaliza ng'ombe wao, na mtoto wao Abdikarim akawajengea chumba kimoja cha matofali kando ya barabara. Gollo alipoliona alicheka.

"Mbuzi hali, mtu hali. La kazi gani hili?"

"La kutazama," Hawo akajibu. Akalipanda kwenye kopo la rangi, akaliweka ndani, maana mbuzi wa Garsen hula kwanza, wakajuta baadaye.

Huu ulikuwa mwezi wa pili tangu azikwe. Asubuhi ya kuondoka, huku amejishika ubavu, alilimwagia maji kwa kikombe, akamwambia mumewe, "Nikirudi nilikute lilivyo." Hakurudi. Maneno hayo yalimkaa Gollo kifuani. Si kwamba alidhani marehemu atarudi kukagua. Alikuwa mzee, hakuwa mwendawazimu. Lakini katika miaka arobaini ya ndoa Hawo hakuwahi kumwomba kitu, au kama alimwomba, yeye hakusikia. Hili alilisikia.

Basi akalitunza kwa akili aliyokuwa nayo, na akili aliyokuwa nayo ni ya ng'ombe. Alfajiri alilibeba hadi mlangoni lipate jua. Saa nne alilihamishia kwenye dirisha la nyuma. Adhuhuri, jua likianza kuchoma, alilisogeza kivulini karibu na mtungi wa maji. Jioni aliliweka kando ya kitanda ili lisikae peke yake, au ili yeye asikae peke yake. Hapo hata mwenyewe hakuwa na hakika. Jani likianguka, alijiambia malisho ya hapa yamekwisha, akalipeleka kwingine. Na kila akilipeleka kwingine, majani yakazidi kuanguka. Tusimcheke. Maisha yake yote, mnyama akikonda, dawa yake ilikuwa kuhama.

Ijumaa Abdikarim alimpigia simu kutoka Bangale, alikofungua duka.

"Baba, Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na gari. Huwezi kukaa huko peke yako. Huku kuna wajukuu, kuna watu wetu, kuna mifugo."

Mifugo! Moyo wa mzee uliruka. Alikuwa ameshaanza kusahau harufu ya zizi.

"Na ua je?" akauliza.

"Ua gani, baba?"

Ilipofika siku ya soko, asubuhi ile ya majani tisa, Gollo aliyafunga mawili yaliyoanguka ndani ya leso, akaenda nayo kwa Mama Dukicha, mwanamke wa Kipokomo kutoka kijiji cha Hewani anayeuza ndizi, mchicha na miche. Ndiye aliyemuuzia Hawo lile ua. Mama Dukicha akayageuza majani mkononi.

"Unalimwagia maji mengi?"

"Hapana. Udongo ukikauka, ndipo nalimwagia."

"Vizuri. Na unaliweka wapi?"

Gollo akamweleza yote, tena kwa fahari: mlangoni, dirishani, mtungini, kitandani. Mama Dukicha akashika mdomo.

"Mzee Gollo! Hili si ng'ombe, baba. Hili linazoea mahali. Ukilihamisha linashtuka, linaangusha majani. Kila siku wewe unalishtua mara nne!"

"Nilikuwa nalitafutia malisho," Gollo akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Wacha. Lirudishe pale mama alikuwa ameliweka, halafu usiliguse tena."

"Na nikilipeleka Bangale kwa gari? Yamebaki tisa."

"Na majani tisa? Utafika na fimbo tu."

Gollo akashukuru, akageuka kwenda nyumbani. Alipofika katikati ya barabara akasimama ghafla, mpaka kijana wa pikipiki akamtukana. Lilikuwa limewekwa wapi?

Hakujua. Chumba ni kimoja, kuta ni nne, na ameishi humo miaka minne. Angeweza kukuonyesha kila ng'ombe wake alilala upande gani wa zizi miaka thelathini iliyopita, wapi palikuwa na ndama, wapi fahali. Lakini ua la mkewe lilikaa wapi, hakujua; hata siku ile alipoyahesabu, aliona majani tu, si mahali. Wanawake waliokuja matangani walitoa vyombo vyote nje ili watandike mikeka, wakavirudisha walivyopenda wao. Siku ya kwanza alilikuta kando ya mlango, akadhani ndipo. Aibu ilimshika, akaingia ndani kichwa chini kama mtu aliyefumaniwa.

Alitoa kila kitu nje peke yake: kitanda, mikeka, sufuria, na mwisho sanduku la bati la Hawo, ambalo tangu azikwe hakuwa na nguvu ya kulifungua. Akafagia. Kisha akapiga magoti kwenye saruji, akaanza kuisoma sakafu kama alivyokuwa akisoma nyayo za mnyama aliyepotea, polepole, akianzia mlangoni.

Aliiona alama chini ya dirisha la mbele, pale lilipokuwa sanduku. Duara la kutu, dogo, limekolea. Akaweka kopo juu yake, likaenea sawasawa.

Kando ya duara palikuwa na alama nyingine tatu ndogo, saruji imechimbika kidogo. Gollo alizitazama sana kabla hajaelewa. Akaenda nje, akachukua kigoda cha Hawo cha miguu mitatu, akakiweka. Kila mguu ukaingia shimoni mwake. Mtu hachimbi saruji kwa kigoda kwa siku moja, wala kwa mwezi.

Akaketi.

Kutoka pale, dirisha lilionyesha kitu kimoja tu: hoteli ya Shee ng'ambo ya barabara, na benchi lake refu. Wazee watano walikuwa wameketi wakinywa chai, migongo imeelekea huku. Mwishoni mwa benchi palikuwa na nafasi. Ilikuwa yake. Miaka minne, kuanzia sala ya alfajiri hadi jua kutua, alikuwa ameketi pale akisimulia ng'ombe waliokufa, na siku zote hizo Hawo alikuwa hapa, na ua lake, akitazama mgongo wa mumewe. La kutazama, alisema. Gollo akafunika uso kwa leso, akalia kwa sauti, jambo ambalo hata siku ya maziko hakulifanya.

Alipotulia alimpigia Abdikarim.

"Usije kunichukua. Njoo unitembelee, na watoto."

"Baba, kumetokea nini?"

"Hakuna kilichotokea. Mama yako aliniambia nimwekee kitu chake. Bado sijamaliza."

"Lakini huko utakaa na nani?"

Gollo akatazama dirishani. Nje, Shee alikuwa akiwaongezea wazee chai, nao walikuwa wakicheka.

"Nitakaa alipokaa yeye," akasema.

Akaiweka simu chini. Vyombo bado vilikuwa nje, na mbuzi mmoja alikuwa ameanza kuonja mkeka, lakini hakuinuka. Alibaki dirishani mpaka adhana ya alasiri, akiitazama migongo ya wale wazee. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.