Kufuli Yuko Vizuri

Miaka kumi na minne nimesimama nje ya uzio wa uwanja wa mazoezi, na mpaka mwaka huu nilikuwa sijawahi kusema mchezaji yeyote yuko vizuri. Nasema anaburuta mguu. Nasema amerudi likizo na tumbo. Nasema krosi zake zinawatafuta watu wa jukwaani. Hata yule mshambuliaji aliyefunga mabao ishirini na mawili, nilisema ana bahati na kisigino kizito, na sikubadilisha neno mpaka alipouzwa.

Kazi yangu ni kushona viatu. Kibanda changu kiko mtaa wa pili kutoka uwanjani, na kwa kuwa wateja hawaanzi kuja kabla ya saa tatu, kila mwaka timu ikiingia kambini kujiandaa na msimu mpya, mimi huwa uzioni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Natazama miguu. Wenzangu wanatazama mpira na kushika vichwa ukigonga mwamba. Mimi mpira wenyewe siuoni. Naona nani anatua kwa ukingo wa nje wa unyayo, nani anageuka upande mmoja tu, nani ameanza kuliogopa goti lake. Miaka thelathini na moja ya kushika viatu vya watu imeniharibu macho namna hiyo.

Mazoezi yakiisha, nashika simu na kurekodi sauti kwa ajili ya kikundi cha tawi letu la mashabiki. Naanza na kipa, namaliza na winga wa kushoto, na kila mmoja anapata vidonge vyake. Zamani tulikuwa watu arobaini. Siku hizi sauti zinasambazwa mpaka kwa watu nisiowajua, na Katibu wa tawi ananiambia kuna wanaosikiliza ofisini wakavunjika mbavu mpaka bosi anauliza kuna nini. Nililipenda hilo, sifichi. Ukishinda umeinamia viatu vya wengine, unapenda mtu akusikie.

Mwaka huu kambi ilikuwa ya wiki tatu. Kocha mpya, wachezaji ishirini na tisa, nafasi ishirini na nne. Mmoja wa hao ishirini na tisa alikuwa mpwa wangu.

Mashabiki wanamwita Kufuli. Ni beki wa kulia, na ukienda upande wake unakuta pamefungwa. Mama yake alikuwa dada yangu wa pekee. Alipofariki, mtoto ana miaka sita, nikamchukua, nikamlea na mke wangu, na viatu vyake vya kwanza vya mpira nilivishona kwa ngozi ya mkoba wangu wa zamani wa vifaa. Sasa ana miaka thelathini na mitatu na ameichezea timu hii misimu tisa. Klabu ina desturi yake ya tangu zamani: mchezaji akitimiza misimu kumi, siku akistaafu anapewa kazi ya kufundisha timu ya vijana, kazi ya kudumu mpaka uzee wake. Asiyetimiza kumi anapewa mkono na picha ya timu kwenye fremu. Mkataba wa Kufuli ulikuwa umeisha. Aliitwa kambini ajaribiwe, na jibu lingetoka Jumamosi ya wiki ya tatu. Msimu mmoja tu ndio aliokuwa akiutafuta, na mimi sikuwa na ombi jingine duniani.

Jumapili, siku moja kabla ya kambi kuanza, alikuja kibandani na viatu vyake vya njumu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Klabu si ina mtu wake wa viatu?"

"Nilitaka uvitazame wewe."

Nikavigeuza. Sikuhitaji hata miwani. Kiatu cha kulia, njumu za mbele zilikuwa zimelika zikabaki vifungo. Cha kushoto, bado zilikuwa na kona zake za dukani.

"Huusukumi mguu wa kushoto," nikamwambia.

Akageuka, akafunga mlango wa kibanda. "Ni kano ya kisigino. Tangu mechi za mwisho za msimu uliopita. Asubuhi nikiamka natembea nimeshika ukuta."

"Daktari wa timu anajua?"

"Akijua leo, kesho nafungasha virago. Wiki tatu tu, mjomba. Nikishasaini nitasema mwenyewe. Nitalala kitandani wanitibu watakavyo."

Nilipaswa kumwambia aende kwa daktari. Hilo najua. Badala yake nikavuta droo ya vipande vya ngozi, nikachagua kile kigumu cha soli, nikakata matabaka matatu ya kuinua kisigino, nikayachonga yawe membamba kuelekea mbele, nikayagandisha kwa gundi na kuyaweka ndani ya kiatu cha kushoto, chini ya kitambaa cha ndani. Kisha nikakishona kitambaa upya kwa uzi mweusi, nikipitisha sindano kwenye matundu yale yale ya kiwandani. Nikachukua tupa, nikazisugua njumu za kushoto mpaka zikalingana na za kulia. Mtu angeweza kuvishika viatu vile saa nzima asione kitu. Kufuli akavivaa, akatembea mpaka ukutani na kurudi, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hakiumi kabisa," akasema.

Naona aibu kulisema hili, lakini nilijivunia kazi ile.

Jumatatu nikarekodi kama kawaida, nyumbani, nimekaa ukingoni mwa kitanda. Kipa alipata vyake, mabeki wa kati wakapata vyao. Nilipofika kwa Kufuli ulimi ukawa mzito. Uongo juu ya mguu wa mtu nilikuwa sijawahi kuusema, na ukweli ungekuwa kumchinja kwa mkono wangu. Nikasema, "Kufuli yuko vizuri. Tuendelee," nikahamia kwa wachezaji wa kiungo.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi. Akaisimamisha.

"Umesema nani yuko vizuri?"

"Kufuli."

"Wewe? Mimi siku ya harusi yetu uliniambia gauni limezidi upande mmoja."

"Lilikuwa limezidi."

"Najua lilikuwa limezidi," akasema, akarudi kwenye shati lake. Mimi sikumuuliza alikuwa na maana gani. Kichwa changu kilikuwa uzioni.

Kesho yake nikasema hivyo hivyo, na keshokutwa, na kila siku iliyofuata. Kufuli yuko vizuri, tuendelee. Wale wengine sikuwaachia. Winga mpya nilisema anakimbia kwa tahadhari ya mtu mwenye soksi mpya kwenye matope. Kiungo mmoja nilimwambia akipunguza kugusa nywele atapata muda wa kugusa mpira. Katibu alinipigia akicheka, akasema mwaka huu nimewaka.

Lakini pale uzioni nilikuwa sicheki. Wiki ya kwanza kipande changu cha ngozi kilifanya kazi. Wiki ya pili nikaanza kuona. Kufuli alikuwa anatoa pasi mapema, kabla hajalazimika kukimbia, na jirani zangu wakasema ona utu uzima huo, ona akili. Haikuwa akili. Katika mbio fupi za koni alikuwa anaanza kwa mguu wa kulia kila mara, hata pale alipotakiwa kuanza kwa wa kushoto, na akimaliza anainama kufunga kamba ambayo haikufunguka. Nilizihesabu zile kamba. Asubuhi moja alizifunga mara kumi na moja. Nilikuwa nimeushika waya wa uzio kwa vidole vyote, na nilijua kila kitu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Jumatano ya wiki ya tatu, saa saba mchana, mwanamke mwenye koti la michezo la klabu akaingia kibandani na kiatu kilichong'oka kisigino. Nilimtambua. Alikuwa daktari wa timu.

"Habari za kazi, fundi. Mimi ni msikilizaji wako. Kila asubuhi na chai yangu."

Nikamwambia karibu, nikamfutia kigoda.

"Juzi ulisema kipa anarusha kwa bega moja. Nikaenda kumpima. Kweli bega lina shida, na mwenyewe alikuwa amenificha."

Nilivimba kichwa, niseme kweli. Niliketi pale na msharasi wa kutobolea ngozi mkononi nikiwaza nitakavyomsimulia Katibu.

"Sasa niambie kuhusu Kufuli," akasema.

"Kufuli yuko vizuri."

"Ndivyo unavyosema. Siku kumi na tano, maneno yale yale." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Nakusikiliza mwaka wa nne huu. Mwenye mabao ishirini na mawili hukumwambia yuko vizuri. Mpwa wako mwenyewe miaka yote ulikuwa unamsema kuliko wote, tena kwa majina. Mwaka huu tu ndio amekuwa mzima. Haya, niambie baya lake moja. Lolote lile."

Mabaya yake yalikuwepo tele. Anapiga kichwa akiwa amefumba macho, tangu utotoni. Akirusha mpira kwa mikono unaenda mahali asipokuwepo mtu. Anabishana na waamuzi mpaka wanamwonea huruma. Yote hayo yananijia leo. Siku ile kichwani mwangu kulikuwa na kisigino tu, na nilihisi nikifungua mdomo kitatoka chenyewe. Nikaufumba. Nikatazama kiatu chake kwa muda mrefu kuliko kiatu chochote kinavyohitaji.

"Kitakuwa tayari kesho jioni," nikasema.

Akanyanyuka taratibu. "Sawa, fundi. Asante."

Alipotoka nikampigia Kufuli. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kambini wanazikusanya mpaka jioni. Jioni nikampigia tena, na aliposema "Shikamoo, mjomba" kwa sauti ya furaha, akaniambia kocha amemshika bega na kusema Jumamosi watakaa mezani, nikakosa pa kuanzia. Nikamuuliza kama amekula.

Alhamisi asubuhi daktari hakungoja hata wapashe misuli. Alivuka uwanja moja kwa moja mpaka kwa Kufuli, akamwambia kitu, na Kufuli akaketi kwenye nyasi. Daktari akamvua kiatu cha kushoto. Akashika nyuma ya kifundo kwa kidole gumba, akabonyeza, na mpwa wangu, ambaye sikumwona akilia hata siku tulipomzika mama yake, akapiga nyasi kwa ngumi. Kisha daktari akaingiza vidole ndani ya kiatu. Akavuta. Uzi wangu mweusi ulishika kidogo, halafu ukaachia, na kile kipande cha ngozi kikatoka kikiwa mkononi mwake. Kocha akaja, akakichukua, akakigeuza huku na huku.

"Nini kile?" wakaniuliza uzioni. "Mzee, wewe ndiye mwenye macho. Wametoa nini?"

"Sioni," nikasema.

Kufuli alikuja kibandani mchana. Alikuja kwa miguu, na mfuko ule ule wa plastiki. Akakaa kwenye kigoda cha wateja na kuunyoosha mguu.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia, tukamsubiri apite.

"Sikumwambia kitu," nikasema. "Naapa sikumwambia kitu."

"Najua. Ameniambia hukusema kitu." Akautazama mguu wake. "Kocha alikuwa ananitaka, mjomba. Daktari anasema ningemwambia siku ya kwanza, angeniombea nipumzike wiki sita, mkataba ukanisubiri. Kano ilikuwa imevimba tu. Sasa imechanika, na mkataba hakuna tena. Kile kipande chako cha ngozi kilinifanya nisisikie maumivu, nikakimbia nayo mpaka ikachanika."

Nilitaka kusema samahani. Mikono yangu ilikuwa mapajani, na nikaichukia yote miwili, pamoja na ufundi wake wote.

"Nisingeweza kukutaja vibaya," nikasema mwishowe. "Nilikuwa nakulinda."

"Misimu tisa ulinisema mbele za watu. Mara nina mguu wa mbao, mara natakiwa nipakwe mafuta kwenye bawaba. Wenzangu walikuwa wanazicheza sauti zako chumba cha kubadilishia nguo, kila mtu anangoja kusikia lake. Mwaka huu nami nilikuwa nangoja." Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Ungenitukana tu, mjomba. Ungesema chochote."

Akaacha mfuko wa viatu juu ya meza yangu ya kazi, akasimama kwa kushika ukuta. Mlangoni akageuka.

"Nitukane basi sasa."

Nikamtazama kuanzia kichwani mpaka chini, kama nilivyomtazama kila mwaka. Nikatafuta la kuchekesha. Sikulipata.

"Unachechemea," nikamwambia.

"Ndiyo, mjomba," akasema, akaenda zake akichechemea katikati ya barabara bila kujificha.