Kitambaa cha Mama Shani

Dorothea alipanda ngazi za nyumba ya Mama Shani, pale Bagara, huku akimwomba Mungu kimoyomoyo. Juu ya paa la zege kilikaa kipimo alichokihangaikia mpaka kikaletwa Babati: kisanduku cheupe chenye jicho la kioo linalolifuata jua kutwa. Mwanga ukipita angani, hewa ukaa humeza sehemu yake, nacho husoma kilichomezwa. Setilaiti husoma vivyo hivyo kutoka juu. Ikikosea, cha chini huisahihisha.

Lakini tangu Jumatatu namba zake ziliruka kama panzi. Bosi wake, Aminiel, alikuwa amepiga simu kutoka Arusha: "Leo mchana setilaiti inapita huko. Namba zisipotulia, tunakihamishia mji mwingine."

Dorothea alifika juu, akasimama. Kisanduku kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kama televisheni ya sebuleni.

"Shikamoo, Mama Shani."

"Marahaba, mwanangu. Umeona nilivyokistiri? Vumbi lote hili, mashine ya watu imekaa uchi kama haina mwenyewe."

"Mama, hiki kinatazama jua."

"Si matundu yapo? Kichungulie."

Dorothea alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kimechungulia, mama. Ndiyo maana kinaripoti maua."

"Mbona televisheni yangu haijawahi kulalamika?"

"Ile tunaitazama sisi. Hiki ndicho kinachotazama."

Mama Shani alikiondoa kitambaa taratibu. "Nimekuharibia kazi?"

"Tumwachie Mungu."

"Inshallah," alisema Mama Shani, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Dorothea alilipangusa jicho la kioo. Mchana ule setilaiti ilipita bila kuonekana, wanawake wawili wakitazama anga tupu la buluu kama wanaosubiri mgeni.

Kesho yake jioni Aminiel alipiga simu. "Zimelingana vizuri. Kinabaki. Za siku zile tutazitupa. Kilikuwa na nini?"

"Kilikuwa kimevaa," Dorothea alijibu.

Siku hizi jua likizama Mama Shani hukifunika, na likichomoza hukifunua kabla hajachemsha chai. Kitambaa chenyewe hukifua kila Ijumaa na kukipiga pasi, na Dorothea hana ujasiri wa kumwambia kwamba usiku vumbi ni kidogo.