Meno ya Kingsbury

Jedidah alipomdanganya yule mwanamke wa serikali, alimdanganya kwa moyo mweupe kabisa. Alimkaribisha sebuleni kwake Edmonton, London, akamwekea chai ya maziwa, akamtazama usoni na kumwambia kwamba meno yake ya bandia alitengenezewa Meru, na daktari ambaye sasa ni marehemu. Hata jina la marehemu alilitaja. Akiamua kusema uongo, Jedidah hakuwa mtu wa kuufanya nusu nusu.

Mgeni aliitwa Harjit. Kazi yake ilikuwa kuwasaka watu wanaotibu meno bila leseni. Mtu fulani alikuwa amepiga simu bila kujitaja, akasema kuna mzee mtaa wa Kingsbury anayewatengenezea watu meno nyumbani kwake, na kwamba Jedidah ni mmoja wa wateja wake.

"Wewe hujavunja sheria yoyote," Harjit alimwambia kwa Kiingereza cha upole. "Sheria hii ipo kwa ajili yako. Lakini bila mteja wa kutoa ushahidi, sina kesi. Itabidi niifunge."

"Funga tu, mama," Jedidah alijibu. "Hapa hakuna kitu."

Alipomsindikiza mgeni na kurudi ndani, alicheka peke yake, mkono shavuni, maana kucheka kulikuwa kunamuuma.

Mzee wa Kingsbury alikuwepo, tena sana. Jina lake lilikuwa Suresh. Alizaliwa Nakuru, akajifunza kuchonga meno ya bandia huko huko, akaja London na mikono hodari lakini bila cheti chochote kinachotambuliwa. Sheria ya hapa haina kona: anayetia vidole mdomoni mwa mtu lazima awe na leseni. Suresh hakuwa nayo, na vidole alivitia katika vinywa vya nusu ya kanisa la akina Jedidah.

Na nani wa kumlaumu Jedidah? Alipong'olewa meno ya mbele alipiga simu kwa madaktari wa meno wa serikali mpaka akakinai. Wote walikuwa na jibu moja, hawapokei wagonjwa wapya. Hiyo ndiyo serikali bwana! Ina watu wa kumfukuza fundi asiye na leseni, lakini haina mtu wa kukutazama jino. Majira yote ya baridi Jedidah aliwaogesha na kuwalisha wazee anaowatunza huku akiuziba mdomo kwa kiganja kila alipoongea, kama mtu aliyefanya aibu. Kisha mfanyakazi mwenzake akamnong'oneza jina la Suresh.

Mzee alimpokea katika chumba cha nyuma ya nyumba, chumba chenye harufu ya plasta na bizari. "Karibu, dada. Kaa hapo, fungua mdomo kama unaimba kwaya." Kiswahili cha Nakuru, katikati ya London! Jedidah alijiona kama amefika kwa jamaa. Hilo ndilo lililomponza. Aliyaamini maneno ya mzee, akadhani kila kitu kingine nacho kiko sawa.

Meno yalimkaa vizuri, akarudi kucheka kama zamani. Aliwatangazia wote kanisani. Baadaye kikatokea kidonda kidogo pembeni mwa ulimi. Akarudi kwa Suresh. Mzee alivaa miwani, akamulika kwa tochi mara mbili, halafu akasema, "Haya meno yanakusugua tu." Akayapunguza kwa mashine yake, akampaka mafuta ya karafuu, akamletea chai na chevda, vile vitafunio vya Kihindi. Jedidah aliondoka ameridhika. Kidonda hakikupona. Alirudi tena, na tena, na kila mara ilikuwa mashine, karafuu na chai. Wakati Harjit anapiga hodi Edmonton, kidonda kilikuwa kimeshaota mizizi.

Jumapili iliyofuata Jedidah alisimama mbele ya kanisa na kueleza jinsi alivyomwepusha mzee na balaa. "Huyu mzee anaonewa bure," alisema, na watu wakapiga makofi. Suresh alimtumia pakiti ya mithai, vile vitamu vya Kihindi.

Mithai hazikulika. Kumeza kulikuwa mateso, na siku alipotema damu kazini, msimamizi wake alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Huko walikata kipande cha ulimi wakakipima. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshashuka shingoni. Wangekata sehemu kubwa ya ulimi, daktari alisema, na hata hivyo hakuwa na ahadi ya kumpa.

"Nani alikuwa anakuangalia mdomo muda wote huu?" daktari aliuliza.

"Fundi aliyenitengenezea meno," Jedidah alisema.

"Mtu yeyote mwenye leseni akiona kidonda cha namna hii hakiponi, ni lazima akulete kwetu haraka. Ungekuja mapema, tungekuwa tunazungumza mengine."

Hapo ndipo Jedidah alipoelewa leseni ni kitu gani. Alikuwa ameidhania kuwa karatasi tu ya kuwabana wanyonge. Alilia kwenye ukumbi wa hospitali bila kujali nani anamtazama, kisha akampigia Harjit akamweleza ukweli wote.

Harjit alisikiliza mpaka mwisho. "Nasikitika sana," alisema. "Lakini uliniambia mwenyewe kwamba meno hayakutengenezwa hapa. Wakili wa huyo mzee atakusomea maneno yako ya kwanza, na hakuna atakayeyaamini ya pili. Unamjua mteja mwingine atakayekubali kusema?"

Jedidah aliwajua wote. Alianza kuwapigia mmoja mmoja. Mmoja alimwombea kwenye simu. Wengine waliacha kupokea.

Basi akapanda basi mpaka Kingsbury.

"Ulikiona kidonda kuwa ni kibaya?" alimuuliza Suresh, kabla hata hajaketi.

Mzee alivua miwani. "Nilikiona, dada. Ile siku ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Ningekutuma hospitali wangekuuliza meno umetengenezewa na nani. Nikasema labda kitapona. Mimi si daktari."

"Si ungeniambia hivyo! Mzee, si ungeniambia tu hivyo!"

Suresh alilia. Alilia kweli, na machozi yake hayakumfaa Jedidah kitu. Kisha kengele ya mlango ikalia. Mzee akafuta macho, akainuka, akaenda kunawa mikono.

Jedidah alimtangulia mlangoni. Nje alisimama Gakii, mwimbaji mwenzake wa kwaya, amevaa koti jipya. Alikuja kupimwa meno, harusi ya bintiye ilikuwa karibu. Aliyemwelekeza kwa Suresh alikuwa Jedidah.

"Usiingie," Jedidah alimwambia. "Gakii, huyu mtu ameniua. Alikiona kidonda, akanificha."

"Woiye, Jedidah." Gakii alimshika mkono. "Nimesikia hiyo maneno ya cancer, na tunakuombea kila fellowship. Lakini cancer hailetwi na fundi. Si wewe mwenyewe ulisimama kanisani ukasema government inamwonea?"

"Nilisema uongo."

"Sasa nijue uongo ni ule ama ni huu?" Hakuuliza kwa ubaya. "Mimi nimepigia hao ma-dentist mpaka nimechoka. Niende harusi ya mtoto wangu nikiwa hivi?" Akafungua mdomo, akamwonyesha pengo.

Jedidah alitaka kumwambia akatazamwe kwanza na mtu mwenye leseni, popote, hata kama ni kungoja mwaka. Lakini ulimi uliovimba ulikuwa umechoshwa na maneno ya siku hiyo, na yaliyotoka sasa yalivurugika, hata yeye hakuyaelewa.

"Usijilazimishe kuongea, dada," Gakii alisema. "Nenda nyumbani upumzike." Akampita taratibu asimguse, akaingia, akafunga mlango ili baridi isiingie.