Bibi Harusi Nyuma ya Willys

Kaka yangu Arcesio anaipenda Willys yake, jipu la zamani, kuliko alivyompenda mkewe, na mkewe alipofungasha virago alisema hivyo hivyo mbele ya watu. Gari lenyewe limemzidi umri. Lakini huku kwetu milimani Quindío, bila gari la namna hiyo kahawa haishuki, mbolea haipandi, na mtu hahami na vyombo vyake. Kwa hiyo siku nilipoolewa nilijikuta mikononi mwa Arcesio.

Tulipakia kitanda changu, cherehani, tenga la kuku, mkungu wa ndizi na sufuria zote, maana nikitoka kanisani ningekwenda moja kwa moja kwa mume. Mama, ambaye watu humwita doña Oliva kwa heshima, alikaa mbele na keki mapajani. Mimi nilijibana katikati yao, gauni jeupe nimelikunja hadi magotini.

Herminsul, mchumba wangu, analima kahawa juu kabisa, Alto del Guamo. Padri hupanda huko kwa pikipiki mara moja tu kwa mwezi. Husoma misa, hubatiza, hufungisha ndoa, kisha hukimbilia kijiji kingine. Harusi yetu ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwanza Mama alipovunjika nyonga, halafu kwa sababu ya mavuno. Watu wa huko juu walishaanza kusema kwamba Nubiola, yaani mimi, hamtaki, anamzungusha tu mtoto wa watu. Nilijua siku hiyo nisipofika, hata Herminsul na upole wake wote ataamini.

Na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika chini ya mpando wa mwisho, njia ilikuwa tope tupu.

"Tulieni," Arcesio akasema. "Naweka foo-wili, magurudumu yavute yote manne. Tutapanda kama tunakwenda dukani."

Akavuta ile gia fupi ya sakafuni, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka na kuwarushia kuku tope. Ya mbele yakatulia kama wageni waalikwa.

"Imekataa," akasema.

"Imekataa au hujaiweka?" Mama akauliza.

"Mama, gari hili nalijua mimi."

"Na mimi nakujua wewe. Shuka uangalie."

Akashuka. Akaingiza na kutoa ile gia, akasema imeingia vizuri. Akaenda kwenye magurudumu ya mbele, akazungusha loki za habu, zile za kuyafungia kwenye ekseli, kulia na kushoto, akasema zimefunga. Tukajaribu tena, tukazama zaidi. Akasema labda ni mafuta ya difu. Kisha akafungua boneti akaanza kupanguza betri, na hapo nikashtuka. Mimi ni mshona nguo, lakini najua magurudumu hayavutwi na betri. Tena niligundua kwamba kaka yangu alikuwa amefanya kila kitu isipokuwa kuinama na kutazama chini ya gari.

Nikatandika gunia la kahawa kwenye tope, nikaingia uvunguni na gauni langu.

"Dada, utachafuka!" akapiga kelele. "Toka huko!"

Pale chini, shafti inayopeleka nguvu nyuma ilikuwepo. Inayopeleka mbele haikuwepo. Mahali pake palikuwa pamefungwa kitambaa, kimepigwa fundo safi kabisa.

"Arcesio! Shafti ya mbele iko wapi?"

Kuku ndio waliojibu kwanza.

"Iko nyumbani," akasema hatimaye. "Chini ya kitanda."

"Imelala?"

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Jumapili iliyotangulia kulikuwa na mashindano ya Willys mjini, ambapo gari hupakiwa mzigo nyuma mpaka linainua pua, likazunguka uwanjani kwa magurudumu mawili huku watu wakishangilia. Arcesio alikuwa ametoa shafti ili pua iwe nyepesi. Alishinda, akabebwa juu juu, akalala na kombe.

"Nilitaka kuirudisha," akasema. "Niliona wiki nzima kumekauka."

"Dada yako anaolewa, wewe unapiga ramli ya mawingu!" Mama akafoka. "Ningekuwa na nyonga nzima ningekupiga na hii keki."

"Mama, keki hapana," nikasema, na hapo hapo nikaangua kilio. Nililia kwa hasira na kwa hofu, nimekaa topeni. Akilini nilimwona Herminsul mlangoni mwa kanisa, watu wakimpa pole.

Arcesio hawezi kuvumilia machozi. Alinishika mabega.

"Sikiliza, dada. Yanayovuta ni ya nyuma peke yake. Basi tuyape uzito yashike. Kila kitu kiende nyuma."

Tukafunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma. Cherehani, kitanda na ndizi tukavisogeza na kuvikaza kwa kamba mwisho kabisa wa gari.

"Bado," akasema. "Panda wewe pale nyuma, usimame kwenye bampa."

"Mimi?"

"Wewe si mwepesi, dada."

"Rudia."

"Nimesema wewe ni hodari."

Nikapanda, nikashika vyuma. Willys ikanguruma, ikauma tope, ikaenda. Pua iliinuka, ikashuka, ikainuka tena, na Arcesio akaiongoza katika zile sekunde chache ambazo magurudumu ya mbele yaligusa ardhi. Mama aliwataja watakatifu wote mmoja mmoja, kisha akaanza kucheka. Mimi nilikula tope mpaka kwenye meno, na nilikuwa nacheka pia.

Tulipofika, hakukuwa na wimbo wowote kanisani. Watu walikuwa nje.

Halafu nikamwona Padri. Kanzu ameipandisha, jasho linamtiririka, anapiga kiki pikipiki yake.

"Misa imekwisha zamani!" akanifokea. "Ningekuwa nimeshafika kwingine, ila hili balaa limegoma kuwaka!"

Arcesio akafurahi kuwa fundi tena. "Niachie, Padri." Akainama, akatazama mara moja tu. "Padri, plagi haipo."

"Haipo vipi? Nimekuja nayo!"

Herminsul alikuwa amesimama kando, ndani ya suti mpya. Mtu huyu sijapata kumwona akichuma hata chungwa la jirani bila kuomba. Masikio yake yalikuwa mekundu. Polepole akatoa mkono mfukoni, akaufungua, na plagi ilikuwa pale kiganjani, imemchafua grisi mpaka kwenye mkono wa shati.

"Walisema hutakuja," akaniambia mimi, si Padri. "Nikawaambia utakuja, umechelewa tu."

Nilimshika mkono ule ule wa grisi, nikamvuta ndani kabla Padri hajapata la kusema.