Tairi Lililolika kwa Ndani

Basili Margwe alikuwa fundi wa magari pale Dongobesh tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kama kuna kitu alichokipenda kuliko chai ya maziwa, ni kusikia watu wakisema hana mpinzani. Babati kulikuwa na mashine ya kupimia magurudumu, yenye taa na kioo. Margwe aliicheka.

"Mashine imezaliwa juzi," alikuwa akisema. "Uzi wangu umenyoosha hata gari la baba paroko."

Na kweli alipima kwa uzi. Aliufunga kwenye tairi la nyuma, akauvuta hadi la mbele, akafumba jicho moja, kisha akazungusha tairodi, ule ufito wa chuma unaoelekeza magurudumu ya mbele, mpaka yote mawili yatazame njia moja kama maksai wa jembe moja.

Alikuwa na sharti lake, na mji mzima ulilijua. Gari likiguswa magurudumu halitoki gereji mpaka lishushwe chini, lipakiwe magunia, naye mwenyewe akae ndani lipande kilima cha kanisa na kurudi. Sharti hilo alilivunja siku ya kipaimara cha mjukuu wake.

Wiki hiyo Raudha, mfanyabiashara wa nafaka ambaye wengi walimwita Mama Yusuph, alikuwa ameleta pikapu lake liinuliwe. Masika yalikuwa yameichimba njia ya Gehandu, na tumbo la gari lilikuwa likikwaruza mawe kila safari. Margwe aliliinua vizuri, akafunga shokapu mpya, ndefu. Ikabaki alaimenti tu, kule kunyoosha magurudumu, kwa maana gari likiinuliwa tairodi hukaa mshazari, na magurudumu huacha kutazama mbele. Hilo Margwe hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi gereji ilikuwa tope tupu, Askofu alikuwa njiani kwenda Tlawi kutoa kipaimara, na Margwe alikuwa amekwisha kuvaa suti yake ya kijivu. Gari lilikuwa bado juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Kulipima likiwa chini kungetaka apige magoti kwenye tope. Basi akalipima hukohuko juu, ameinama kidogo kama mtu anayechungulia chungu, akakaza nati, akamaliza. Alijua kwamba gurudumu linaloning'inia halikai kama gurudumu lililobeba uzito. Alijua vizuri sana.

Tito, dereva wa Raudha, akafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lishushe, uondoke nalo."

"Umeshalijaribu kilimani?"

"Nimelijaribu alfajiri, wewe ukiwa bado unakoroma."

Tito akacheka, akalishusha, akaondoka. Na lile goti lililokataa tope asubuhi likapigwa kanisani bila shida yoyote.

Baada ya siku chache Tito alirudi. "Mzee, gari linatangatanga. Nikilegeza mikono kidogo linatafuta mtaro."

Margwe alikuwa chini ya lori la mtu. Angeweza kutoka, akauchukua uzi, na hadithi ingeishia hapo. Badala yake alisema, "Gari limeinuliwa, Tito. Umezoea kupanda punda, sasa umepewa ngamia. Jifunze."

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Tito naye akacheka, maana ni vigumu kumbishia mzee mbele za watu.

Haikuchukua muda, akitoka Gehandu na shehena ya mahindi, tairi la mbele la kushoto likapasuka kwenye kona. Pikapu likaacha barabara, likaegemea ukingo wa shamba. Mahindi yalimwagika, na Tito akavunjika mfupa wa bega. Hakufa mtu. Lakini Tito aliwahi kuwa mlevi, na kabla ya jua kuzama sokoni walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: pombe huaga mlango wa mbele, hurudi kwa wa nyuma. Raudha alikuwa amemkabidhi ufunguo kwa ahadi kwamba hatagusa chupa tena. Hakumpigia kelele. Alinyoosha mkono tu, Tito akaurudisha ufunguo kwa mkono uliobaki mzima.

Gari likavutwa hadi kwa Margwe.

Alilikagua peke yake. Akalala chali, akapeleka kiganja kwenye tairi la kulia, lile lililosalimika. Ukitazama kwa nje lilikuwa na meno mazuri. Kwa ndani, mahali ambapo mtu aliyesimama haoni, lilikuwa limelika hadi nyuzi zikatokeza. Akapapasa kuelekea nje, laini. Akarudisha mkono kuelekea ndani, likamkwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Magurudumu yalikuwa yameachana kama miguu ya bata, kila moja likijiburuza kwenye barabara siku zote hizo. Suti ilikuwa nyumbani, imetundikwa, haina hata tone la tope.

Akajiambia kwamba kosa likirekebishwa limekwisha. Safari hii alilishusha gari mahali tambarare, akapakia magunia, akapiga magoti na kuvuta uzi kama alivyofundishwa ujanani. Akafunga matairi mapya. Lile lililolika akalitupa nyuma ya banda la kuku.

Raudha alikuja na dereva mwingine, wakalijaribu kilimani. Aliporudi alishuka akitabasamu.

"Mzee Margwe, Mungu akuzidishie! Linakwenda kama limepigiwa rula. Sasa nimeamini. Gari halikuwa na shida, shida ilikuwa mtu."

Wateja wakaitikia. Mmoja akasema, "Uzi wa Margwe haukosei!" Margwe akaukunja uzi wake, akautia mfukoni. Alikuwa amelinyoosha gari, na kwa kulinyoosha akawa amempotosha Tito mbele ya mji mzima. Jioni hiyo alimega tonge moja la ugali, akaisukuma sahani. Mkewe, Paskalina, akamwuliza kama anaumwa.

"Mgongo," akasema.

"Mgongo hauzuii mtu kumeza," akajibu Paskalina, na hakuuliza tena.

Kesho yake Tito alipita gereji, mkono umefungwa kwa kanga shingoni.

"Shikamoo, mzee. Nasikia gari limenyooka."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kukuomba radhi kwa lawama zangu za siku ile. Sikunywa, mzee, naapa. Lakini nimeanza kujiuliza labda nilisinzia. Wote wanasema hivyo. Mtu hawezi kuwa mkweli peke yake dhidi ya mji."

Angekuja na matusi, Margwe angepata la kujibu. Hili la kuombwa radhi lilimwingia kama msumari kwenye tairi. Akasimama, akaenda nyuma ya banda, akamfukuza kuku aliyekuwa ameanza kutagia ndani ya lile tairi, akalibeba begani.

"Twende dukani kwa Mama Yusuph."

"Kuna nini?"

"Twende tu."

Dukani kulikuwa na watu. Margwe akalilaza tairi juu ya gunia la maharage, ndani kukiwa juu.

"Mama Yusuph, weka kiganja chako hapa. Vuta kwenda nje. Haya, rudisha."

Raudha akarudisha mkono haraka. "Linakwaruza."

"Hili ni la gari lako. Lililopasuka lilikuwa hivihivi. Siku ile nililipima likiwa juu ya jeki, na sikulijaribu. Nilimdanganya Tito. Akaja kuniambia gari linatangatanga, nikamfanya kichekesho. Hakunywa, hakusinzia."

Raudha akamtazama.

"Na gari lilipoletwa, ulijua?"

"Nilijua kwa kiganja, kabla sijafungua nati hata moja."

"Nikakuombea dua mbele ya watu, ukaipokea!"

"Niliipokea."

"Sasa siku ile ya kwanza kilikuzuia nini, mzee mzima?"

Margwe alitafuta jibu lenye heshima, akalikosa. "Nilikuwa nimevaa suti."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaona Raudha hacheki, akanyamaza. Raudha akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akamwekea Tito kiganjani. "Bega likipona. Na mimi nisamehe." Kisha akamgeukia Margwe. "Gari langu litapimwa Babati, kwa mashine. Na hilo tairi lako usilibebe begani. Lisukume katikati ya soko, watu wakuulize."

Tito alitaka kumsaidia, Margwe akakataa. Akalisukuma. Tairi lililolika upande haliendi sawa. Kila alipoliachia lililalia upande mmoja na kutafuta mtaro, naye akawa analirudisha kwa mkono, hatua kwa hatua. Mbele ya wauza vitunguu saumu mwanamke mmoja akaita, "Mzee Margwe, umerudi utotoni?"

Akasimama. Akaligeuza tairi upande wa ndani.

"Njoo, mama," akasema. "Weka kiganja chako hapa."