Radhi Iliyosahaulika

Hajaina alishika maikrofoni kumposea rafiki yake mbele ya ukoo wa binti, na maneno yakamtoka matamu hadi akajipenda mwenyewe. Lakini ukumbi, ambao siku zote humwitikia msemaji kila anapopumua, ulikuwa kimya. Ndipo akakumbuka: hakuwaomba wakubwa radhi kabla ya kufungua kinywa, na kwa desturi yao lawama ya kuwatangulia wakubwa kusema, isipoombewa radhi, lazima imwangukie mtu.

Mzee Rainizafy, msemaji wa upande wa binti, akavua kofia taratibu.

"Umesema vizuri, mwanangu, mpaka raha. Haya, lawama hiyo anaibeba nani?"

Hajaina akageukia watu wake. Rafiki yake aliyekuwa akiposewa na ukoo wake wote walikuwa wakiburuta viti nyuma, mbali naye.